Nina kibubu ambacho mama hakijui

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma kidato cha nne shule ya kata, ya kutwa. Tunakaa Tandale, Dar es Salaam, tumepanga chumba na sebule. Barua hii naiandikia shuleni wakati wa mapumziko kwa sababu nyumbani hakuna karatasi isiyosomwa na mtu.

Tuko kumi na mmoja. Kuna baba, mama, mimi, wadogo zangu wanne, bibi mzaa mama aliyeletwa kutibiwa macho akabaki, na mama mdogo na mtoto wake wa mwaka mmoja. Tangu Machi yupo pia binamu yangu wa kiume, ana miaka 20, amekuja kutafuta kazi. Chumbani kitandani wanalala baba, mama na kitinda mimba, chini wanalala bibi, mama mdogo na mtoto. Sebuleni tunalala watano. Mimi na mdogo wangu wa kike tuna godoro moja, wadogo zetu wa kiume jingine, na binamu analala kwenye mkeka karibu na mlango. Katikati mama ametundika shuka. Siku hizi nguo nabadilishia bafuni hata kama kuna foleni.

Silalamiki, najua kuna wanaolala nje. Ila kusoma nimeshindwa. Umeme wa LUKU tunachangia wapangaji wote, kwa hiyo taa yetu inazimwa saa tatu ili tusisemwe. Kabla ya hapo mtoto analia, redio ya jirani inaimba, na mvua ikinyesha jiko linaingizwa sebuleni. Saa kumi alfajiri mama ananiamsha tuchome vitumbua. Tukimaliza nateka maji, naenda shule. Kipindi cha tatu nasinzia. Mwaka jana nilikuwa wa nne darasani. Sasa ni wa thelathini na moja.

Baba alikuwa anaendesha bajaji ya mtu. Mwenyewe aliichukua mwaka jana, sasa baba anakwenda soko la Mahakama ya Ndizi kushusha mikungu. Siku nyingine anarudi na elfu saba, siku nyingine anarudi na ndizi tu. Kodi yetu ni elfu themanini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ndipo mama akakopa laki tatu kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu. Rejesho ni elfu kumi na tatu kila siku kwa siku thelathini. Vitumbua havina faida ya elfu kumi na tatu, Mama. Akakopa kwingine kulipa kule. Mwezi uliopita walikuja watu watatu mchana, wakabeba tivii, feni na mtungi wa gesi. Wapangaji wote walikuwa uani wanaangalia. Mama hakulia mbele yao. Alilia usiku, nilimsikia.

Sasa siri yangu. Jumamosi na Jumapili nasuka. Mtindo wa twende kilioni kwa mtoto ni 1,500, nikipata mteja wa rasta napata 10,000. Mama anajua nasuka, ila anadhani naambulia hela ya sabuni na daftari, maana ndiyo ninayompa. Nyingine naiweka kwenye kibubu, na kibubu kiko kwa dada mmoja, mteja wangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Kila ninachoingiza nakiandika nyuma ya daftari la hisabati. Mpaka leo ni 214,000.

Shule imetangaza kambi ya kidato cha nne kuanzia Agosti mpaka mtihani wa taifa, Novemba. Tutalala madarasani, kuna taa mpaka saa nne usiku na walimu watafundisha jioni. Mchango wa chakula ni 180,000, na kila mtu aje na godoro na ndoo yake. Nilipomwambia mama alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Tungekuwa nazo, mwanangu."

Siku ile wanabeba feni nilikuwa nimesimama mlangoni, najua nina pesa hatua hamsini kutoka pale. Sikusema kitu. Tangu siku hiyo kitumbua anachonipa mama asubuhi hakipiti kooni.

Yule dada anasema nisithubutu kusema, pesa ikiingia nyumbani kwetu imekwenda. Anasema niende kambi, nimwambie mama kuwa mwalimu amenilipia. Mama mdogo naye anasema msichana anayejua kusuka hana haja ya kambi. Nikimpa mama pesa nitafeli. Nikienda kambi, nani ataamka naye saa kumi? Na mdogo wangu wa kike atabaki peke yake upande ule wa shuka. Nikifaulu nitawatoa wote pale, hilo ndilo ninalowaza kila siku. Je, mimi ni mbinafsi?

Naomba usiandike jina langu.

Binti wa Tandale

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanzia mahali ambapo hukuniuliza. Shuka umelitaja mara mbili. Mara ya kwanza ukasema siku hizi unabadilishia nguo bafuni, ukapita haraka. Mara ya pili ni pale mwishoni, unapoogopa mdogo wako wa kike atabaki peke yake upande ule. Sijui kama kuna jambo limetokea, na sitaki kumzulia mtu ambaye huenda kosa lake ni kukosa kazi na kukosa pa kulala. Inawezekana ni aibu ya kawaida ya msichana aliyekua katika nyumba isiyoweza kukua pamoja naye. Lakini kama kuna mkono uliovuka shuka hilo, au maneno, au macho yanayokufanya usilale, basi hilo linatangulia kibubu, kambi na deni. Mwambie mama au bibi leo, usingoje kesho. Ukiona mdomo mzito kwa watu wa nyumbani, kuna mwalimu wa malezi shuleni, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hailipiwi hata senti.

Na hata kama hakuna lililotokea, kulala kwenu kunaweza kupangwa upya bila kumfukuza mtu. Wadogo zako wa kiume na binamu wanaweza kubaki sebuleni, nanyi wasichana wawili mkasogea chumbani kwa bibi, mama mdogo akahamia mlipokuwa ninyi, au vyovyote mama atakavyoona. Mtabanana, najua. Ila mama aliyetundika lile shuka alikuwa tayari analiwazia jambo hili. Hatashangaa ukilianzisha.

Sasa nije kwenye ulichoniuliza. Umesimama mlangoni, feni inabebwa, na wewe unajua pesa iko nyumba ya tatu. Tangu hapo chakula hakipiti. Unajiita mbinafsi. Mimi katika barua yako naona mtoto anayeamka saa kumi alfajiri, anateka maji, anasoma, anasuka siku zake mbili za kupumzika, anamletea mama yake hela ya sabuni, na kilichobaki hakununulia simu wala viatu, amekiandika senti kwa senti nyuma ya daftari. Neno "mbinafsi" umelipata wapi? Kuna mtu amekuita hivyo, au umejiita mwenyewe usiku ule ulipomsikia mama analia? Nadhani kinachokukaba ni ile siri zaidi ya pesa yenyewe, na ningependa tuvitenganishe vitu hivi viwili, maana wewe umevifunga kamba moja.

Tuitazame pesa kwanza. Mama alichukua 300,000. Elfu kumi na tatu kwa siku thelathini ni 390,000, yaani tisini elfu juu ndani ya mwezi mmoja, kisha likaja deni la pili kuziba la kwanza. Kibubu chako cha miaka miwili ni marejesho ya siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba yule mdai anarudi mlangoni. Kwa hiyo lile wazo linalokutesa, kwamba ungesema tu feni ingebaki, sina hakika nalo. Labda wangeondoka siku hiyo, wakarudi wiki mbili baadaye.

Ila sisemi hivi ili nikwambie usitoe. Kuna jambo wewe na mimi hatulijui: limebaki kiasi gani? Ikiwa mama amebakiza laki moja amalizane nao kabisa, basi sehemu ya pesa yako inaweza kumpa usingizi ambao hajaupata tangu alipokopa. Ikiwa limebaki laki tano na faini juu yake, pesa yako itamezwa na hakuna atakayeona ilikopita. Hizo ni hali mbili tofauti, na unataka kuamua bila kujua uko katika ipi. Jibu analo mama peke yake.

Hapo ndipo unapomwogopa. Unasema mama hajui. Mwanangu, mama yako amekaa Tandale, si kisiwani. Watoto wa mtaa wenu wanakuja kwako na nywele timtim na kuondoka wamesukwa, na yeye kila asubuhi anauza vitumbua kwa mama zao. Huenda kweli hajui ni kiasi gani. Lakini usiwe na uhakika sana kwamba hajui kabisa. Inawezekana anajua na ameamua kukuachia. Sijui. Ninachojua ni kwamba katika barua ninazoletewa na akina mama, wanachoshindwa kukisamehe mara nyingi ni kulisikia jambo la mtoto wao kwa jirani.

Ndiyo maana ushauri wa yule dada unanitia wasiwasi, ingawa naamini anakupenda. Useme mwalimu amekulipia. Haya, mama yako ataamini. Kisha nini? Mimi namwona kabisa amejifunga khanga yake safi, amebeba sahani ya vitumbua imefunikwa, anakwenda shuleni kumshukuru mwalimu. Hapo ofisini utakuwa wapi? Na swali jingine watu wataanza kuliuliza, wewe ni msichana wa miaka 16, mwalimu gani huyo anayekulipia, na kwa nini? Uongo ule unaweza kumchafua mtu asiye na hatia, na kukuchafua wewe pia. Halafu kuna kibubu chenyewe. Kiko kwa mtu mmoja, ushahidi wake ni maandishi yako tu, na nyumba za huko kwenu maji ya masika huingia na mwizi huingia. Kadiri siri inavyokaa ndivyo pesa yako inavyozidi kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kusema nako kuna hatari zake, sikufichi. Mama anaweza kuiomba yote, si kwa ubaya, bali kwa sababu aliyekabwa hushika chochote kilicho karibu. Baba anaweza kuumia akiona binti yake ana akiba na yeye amerudi na ndizi, na wanaume wengi maumivu kama hayo huyatoa kwa ukali. Habari inaweza kumfikia wa kausha damu. Wewe ndiye unayewajua wazazi wako, mimi nimewaona kwenye kurasa mbili tu. Kama mama amewahi kukupiga mpaka ukaumia, au unajua baba atakufanya nini, usiende peke yako.

Hapo namkumbuka bibi. Umemtaja kidogo tu, kwa macho yake, ukaendelea. Bibi mzaa mama aliyemo ndani ya nyumba ni mtu mkubwa sana kwa mjukuu mwenye neno zito. Yeye ndiye mtu pekee humo ambaye mama yako ni mtoto mbele yake. Neno lako likipitia kwake, likasemwa usiku wakati wengine wamelala, mama atalipokea tofauti na vile angelipokea kutoka kwako uani. Au chagua ile saa kumi. Mko wawili, kikaango kiko motoni, hakuna redio, hakuna mpangaji aliyeamka. Huhitaji hotuba. "Mama, kuna pesa ya kusuka nimeweka. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya mtihani. Siku ile niliogopa kusema." Kisha nyamaza, umwache akoroge unga wake. Jibu la kwanza la mtu aliyeshtuka huwa silo jibu lake la mwisho.

Ukisema, si lazima useme kana kwamba unakabidhi. Unaweza kusema na ombi lako ndani yake. Wapo watoto waliotoa sehemu na kubakiza sehemu. Wapo waliosema, "Hii ni ya kambi, lakini mwezi huu nitakachosuka nakuletea chote." Wapo waliotoa yote na hawakujuta, na wapo waliotoa yote na mpaka leo wanaisema kwa uchungu. Ningependa, kabla hujaamua, ujiulize ni lipi kati ya haya utaweza kuishi nalo ifikapo Desemba, mtihani umeisha na umerudi kukaa nyumba ileile na watu walewale.

Nina maswali pia kuhusu hiyo kambi, kwa sababu umeiona kama pepo. Kulala darasani si salama kwa sababu tu ni shuleni. Nani analala na wasichana? Kuna matroni, kuna mlinzi, vyoo viko umbali gani usiku, mlango unafungwa kwa ndani? Uliza kabla hujatoa hata shilingi. Uliza pia kama mchango unaweza kulipwa kidogo kidogo, au nusu yake ikawa mchele na maharage, maana mama yako hununua mchele wa vitumbua na huenda hilo likamwia rahisi kuliko noti. Elimu ya sekondari ya kutwa haina ada tangu 2016, na serikali imesema mara nyingi kwamba mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Kwa hiyo kama huwezi kulala kambini, uliza kama unaweza kubaki kwa masomo ya jioni kisha ukarudi nyumbani na wenzako. Hapo ugumu ni njia ya usiku, nayo si ndogo kwa msichana.

Na yule dada mteja wako, kwa kuwa amekubali kutunza kibubu, angekubali kukutunzia na meza? Saa mbili za jioni, taa yake, kiti kimoja, wewe umsuke bure mara moja kwa mwezi. Jumamosi moja badala ya kusuka ungeweza kupanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi mpaka Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukae mezani kimya kuanzia asubuhi. Ungepoteza wateja siku hiyo. Sijui kama unamudu, wewe ndiye mwenye hesabu.

Usingizi wako pia unanisumbua. Aliyekuwa wa nne akawa wa thelathini na moja hakupungukiwa akili. Analala saa ngapi mtoto anayeamka saa kumi? Huenda kabla ya mia moja na themanini elfu kuna ombi dogo zaidi la kumpelekea mama: kwamba mpaka Novemba, siku tatu za wiki aamke naye mtu mwingine. Binamu ana miaka 20 na hana kazi. Mikono yake inaweza kusaga mchele na kubeba ndoo ya maji. Mama mdogo naye yupo. Wewe umejiona kuwa ndiwe nguzo pekee, na pengine hata nyumbani wamezoea hivyo kwa sababu hujawahi kusema umechoka.

Kuhusu deni, hili nalisema ili limfikie mama, si kazi yako kuzunguka ofisi. Mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayosimamiwa na Benki Kuu. Mama ana haki ya kuuliza leseni iko wapi, na ni mkataba gani unaoruhusu vitu kubebwa ndani. Aanzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aende na nakala ya alichosaini. Kwa baadaye, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayejua utaratibu wa mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Haiji haraka, na haitalipa rejesho la kesho. Lakini wauza vitumbua na mihogo wa mtaa wenu wakiwa kikundi, mama hatasimama peke yake mlangoni kama siku ile.

Limebaki lile unalowaza kila siku, kwamba ukifaulu utawatoa wote. Ni wazo zuri na sitaki kukunyang'anya. Ila naliona ni zito mno kwenda nalo kwenye chumba cha mtihani. Watu kumi wamekaa juu ya kalamu yako. Ukifaulu, kidato cha tano na sita cha serikali nacho hakina ada tangu 2022, na shule zake nyingi ni za bweni, kwa hiyo kitanda na taa vinaweza kukufuata huko. Usipofanya vizuri kama unavyotaka, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na una mikono ambayo watu tayari wanailipa. Baba yako bado ana nguvu za kushusha mikungu. Mama yako bado anaamka. Wao ndio wazazi wa nyumba hiyo, na wewe, pamoja na yote unayoyabeba, bado ni mtoto wao.

Niandikie tena ukishaongea na bibi au na mama, hata kama mambo yamekwenda vibaya, hasa yakienda vibaya. Uniambie deni limebaki kiasi gani na umeamua nini. Na kabla ya hayo yote, uniambie kuhusu lile shuka.